Miji mikuu ya Pasifiki na boti ya Kizingitini

Juzi Jumatano jioni mtoto wa dada yangu alikuja dukani na daftari lake uso umemkunjana, akaniambia mama mdogo nataka ramani ya Oshania na nchi zake zote na miji mikuu, na mwalimu anataka kesho. Mimi nina saiba ndogo hapa Amu, yani Lamu, mtaa wa Langoni karibu na mbele ya bahari, kompyuta tatu na printa moja na mashine ya fotokopi, kwa hivyo kazi za shule za ukoo mzima zinaishia kwangu. Nikamwambia kaa hapo tutafute, nikidhani ni kazi ya dakika kumi, tukaja kumaliza saa nne ya usiku na tangu siku hiyo mambo yale hayajanitoka kichwani, ndo maana naandika.

Shida ya kwanza ilikua ramani yenyewe. Ramani nyingi tulizozoea huku zinaweka Afrika na Ulaya katikati, sasa bahari ya Pasifiki inapasuliwa, nusu inakaa mwisho wa kulia baada ya Australia na nusu ingine iko mwisho wa kushoto kabla ya Marekani. Nilipoprinti Kiribati ikatoka vipande viwili, kipande ukingo huu na kipande ukingo ule, mtoto akaniuliza kwani kuna nchi mbili zina jina moja? Ikabidi niprinti mara mbili, tukakata ule ukingo mweupe kwa makasi, tukaziunga kwa gundi ukingo wa kulia na ukingo wa kushoto, na hapo ndo Pasifiki ikawa nzima juu ya meza. Karatasi mbili zimejaa bluu tupu na nchi zenyewe ni vidoa vidoa kama kalamu iliyovuja. Nimezaliwa kisiwani, nimekulia kisiwani, lakini sikua nimewahi kuitazama bahari namna ile.

Nchi huru huko ziko 14. Kubwa ni Australia, na hapo nikamsimamisha kijana manake alishaandika Sydney, kila mtu anaandika Sydney, mji mkuu ni Canberra. Alafu Nyuzilandi mji mkuu Wellington, Papua Guinea Mpya ni Port Moresby, Fiji ni Suva, Visiwa vya Solomon ni Honiara, Vanuatu ni Port Vila, Samoa ni Apia, Tonga ni Nuku'alofa, Tuvalu ni Funafuti, Kiribati ni Tarawa Kusini, Visiwa vya Marshall ni Majuro, Mikronesia ni Palikir, Palau ni Ngerulmud. Na Nauru, hiyo ntakuja kuieleza.

Mtoto alitaka aandike amalize akalale. Mimi ndo sikuweza kumalizia hapo.

Nieleze kwa nini. Mimi ni mtu wa Kizingitini, kule juu kisiwa cha Pate. Nilipokua mdogo karatasi yoyote ya serikali tulikua tunaifuata Amu, iwe cheti cha kuzaliwa, iwe kitambulisho, iwe mtu ana kesi. Boti inatoka alfajiri au hata usiku kabisa kutegemea maji, manake kuna ule mkondo wa Mkanda katikati ya mikoko, maji yakipwa boti kubwa haipiti, mnakaa mnangoja maji yajae huku jua linawapiga. Masaa matatu, siku zingine zaidi. Ukifika Amu ofisi ishafunguliwa ina foleni, na boti ya kurudi haikungojei wewe, inangojea maji. Kwa hivyo mtu wa kwetu akiambiwa "njoo kesho" ile kesho ina maana atafute pa kulala, atafute chakula, na kazi yake ya kuvua imesimama. Mtu wa bara akisikia mji mkuu anafikiria majumba marefu na bunge na barabara za lami. Mtu wa visiwani anafikiria nauli ngapi, na maji yanajaa saa ngapi.

Sasa zisome tena zile nchi kwa macho hayo uone.

Kiribati. Kwanza inasomwa Kiribas, kwao herufi ti zinatoka kama s, mtoto alifurahi sana kujua hilo. Wana visiwa 33. Mji mkuu uko Tarawa upande wa magharibi, na kisiwa chao kikubwa kuliko vyote kinaitwa Kiritimati, yani Krismasi ikisomwa kwao, ambacho peke yake ni karibu nusu ya nchi kavu yote waliyonayo. Kutoka Tarawa mpaka Kiritimati ni zaidi ya kilomita 3,000. Tuliweka rula pale juu ya gundi, alafu tukaichukua rula ileile tukaiweka Afrika, ukianzia Amu ukaenda magharibi ukishuka kusini kidogo unakata bara lote unatokea Luanda, Angola. Nchi moja hiyo, serikali moja. Na sio umbali peke yake, mpaka mwaka 1995 ule mstari wa tarehe wa dunia ulikua unapita katikati yao, Tarawa ikiwa Jumatatu huku mashariki bado ni Jumapili, kwa hivyo ofisi za pande mbili zilikua zina siku nne tu kwa wiki ambazo zote ziko kazini. Mwishowe wakausogeza mstari ukazunguka nchi yao yote kwa mashariki. Nimelipenda hilo kweli kweli, serikali imekaa ikaona watu wake wa visiwa vya mbali wanaishi siku nyingine kabisa, ikasema hapana, siku iwe moja.

Tukiwa hapo kwenye rula akaingia mzee mmoja wa kwetu, salaam aleikum, aleikum salaam, namjua kwa sura na ukoo wake naujua. Amebeba bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni umefungwa mafundo mawili, na sisi watu wa boti tunajua sababu ya mafundo mawili, bahari ikichafuka maji ya chumvi yanaruka mpaka ndani ya kifua cha kanzu. Akafungua taratibu fundo la kwanza, fundo la pili, akatoa cheti cha mjukuu wake. Jina la baba limekosewa herufi moja tu. Ameenda ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, wakamwambia fotokopi haisomeki vizuri, akafanye ingine arudi kesho, na boti ishamwacha. Nikamwambia babu kaa hapa kitini nikutolee tatu, na usinipe pesa. Akakaa, akaiona ile ramani yetu, akauliza hii ni bahari gani haina nchi.

Nikaanza kumuelezea, na mzee yule ameenda bahari miaka mingi kwa hivyo hakuna kitu ulimwambia asikielewe. Nilipomwambia Honiara, wanasema hilo jina lina maana ya mahali panapoelekea upepo wa kusini mashariki, akaitikia hapo hapo, kusi hiyo. Honiara yenyewe ni mji wa juzi, mji mkuu wa Solomon zamani ulikua Tulagi, ukaharibiwa kwenye vita vya pili vya dunia, na baada ya vita serikali ikahamia pale kisiwa cha Guadalcanal ambapo jeshi la Marekani lilikua limeacha kambi na uwanja wa ndege.

Lakini lililomshika zaidi ni la Samoa. Samoa mwaka 2011 waliamua kuhama upande wa mstari wa tarehe, zamani siku yao ilikua moja na ya Marekani, lakini biashara yao ni na Nyuzilandi na Australia, na ndugu zao wengi wako huko, sasa Apia ikiwa Ijumaa wanafanya kazi kule Nyuzilandi ishakua Jumamosi watu wamefunga. Wakaruka siku. Watu wamelala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa tarehe 30 haikuweko. Mzee akaniangalia, akasema Ijumaa mwanangu? Nikamwambia ndio babu, Ijumaa. Akanyamaza kitambo kirefu, akasema, Ijumaa nzima hivi hivi. Na wale wenzao wa Samoa ya Marekani, mji wao Pago Pago, karibu tu hapo kwa ndege, wao walibaki upande ule mwingine, kwa hivyo leo watu wa kabila moja lugha moja wanapishana siku nzima.

Nije kwa Tonga sasa, hii imenigusa kwa sababu ya kazi yangu. Nuku'alofa maana yake makao ya mapenzi, jina zuri. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ya chini ya bahari inaitwa Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka, mlio ukasikika mpaka nchi za mbali, wimbi likapiga, jivu likafunika kila kitu, na waya mmoja wa chini ya bahari uliokua unawaunganisha na dunia kupitia Fiji ukakatika. Watu wenye jamaa zao ng'ambo walikaa siku nyingi hawajui nani yuko hai. Mji mkuu ulirudishiwa waya baada ya kama wiki tano, lakini visiwa vya Vava'u na Ha'apai waya wao wa ndani ya nchi ulichukua zaidi ya mwaka. Nasema tena, zaidi ya mwaka. Sisi Mei 2024 nyaya zilipopata hitilafu kule chini na intaneti ikawa nzito Afrika Mashariki yote, mimi siku mbili tatu tu nilikua nafungua duka naangalia ukuta, watu wanakuja na fomu zao wanarudi nazo. Na mimi niko Amu mjini. Nikafikiria mtu wa Vava'u, na nikafikiria Kizingitini, ndo vile vile, kinachokatika kinakatika kwa wote lakini kinachorudi kinaanzia mjini.

Papua Guinea Mpya wao wana nchi kubwa, lugha zaidi ya 800 hakuna nchi nyingine duniani yenye lugha nyingi hivo, lakini Port Moresby haina barabara ya kuiunganisha na Lae ambao ni mji wa pili. Ni ndege au ni meli. Kwa hivyo hata uwe na ardhi ya kuweza kutembea wiki nzima bado mji mkuu wako unaweza kua kisiwa.

Nyuzilandi nikadhani hawana hili la kwetu, kumbe ndo walilianza mapema. Mji mkuu ulikua Auckland, kule kaskazini. Watu wa kisiwa cha kusini wakalalamika wako mbali mno, kule ndo dhahabu ilikua imepatikana, kukawa na hofu watajitenga wawe koloni lao wenyewe, basi mwaka 1865 serikali ikahamishiwa Wellington, pale mwisho wa kisiwa cha kaskazini kwenye mlango wa bahari wa Cook, ili watu wa visiwa viwili wote waufikie. Hilo ndilo jambo ningependa liandikwe kwenye vitabu vya watoto, sababu. Jina la mji bila sababu yake halikai kichwani.

Fiji nayo ilihama. Mji wa kwanza ulikua Levuka, kisiwa kidogo cha Ovalau, mji wa bandari wa wafanyabiashara, na ndipo Fiji ilipotiwa mikononi mwa Waingereza mwaka 1874. Lakini nyuma ya Levuka kuna mlima umesimama wima, mji hauna pa kukua, ukabanwa kati ya jabali na bahari, na mwaka 1882 serikali ikahamia Suva kwenye kisiwa kikubwa cha Viti Levu. Levuka ikabaki na nyumba zake za mbao mbele ya bahari, na mwaka 2013 ikaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Amu yetu imeingia 2001. Nilivoona picha ya ule mstari wa nyumba unatazama maji nilihisi naujua mji ule. Mji wa bandari uliokua mkubwa enzi za matanga, alafu shughuli zikahamia kwengine, ukabaki na uzuri wake. Na sisi siku hizi ofisi zingine zimeshavuka ng'ambo ya Mokowe, wanasema bara kuna nafasi. Kwa mtu wa Amu ni usumbufu, kwa mtu wa Mpeketoni au Witu ni nafuu, na mtu wa Kizingitini yeye boti yake ni ile ile.

Palau walilifanya kwa sheria kabisa. Watu wamejazana Koror, katiba yao ikasema mji mkuu uhamishiwe kisiwa kikubwa cha Babeldaob ndani ya miaka kumi, ikachukua zaidi ya hiyo, wakahamia Ngerulmud mwaka 2006. Wamejenga jumba la bunge jeupe lenye kuba katikati ya kijani kibichi, na wanaoishi hapo ni kama hakuna, watu wanakwenda kazini wanarudi Koror. Hata sijui nisemeje, nia ilikua njema lakini mji ni watu, ofisi peke yake haziwi mji.

Na Nauru. Kijana alikua ameandika Yaren na mimi nikamwambia andika Yaren alafu pembeni andika "hakuna mji mkuu rasmi", manake ndo ukweli. Yaren ni wilaya ambayo bunge na ofisi na uwanja wa ndege vipo, basi. Nchi nzima ni kilomita za mraba 21, kisiwa cha Amu peke yake ni kikubwa kuliko Nauru, barabara moja inazunguka pembeni na kwa gari humalizi hata nusu saa ushairudia ulipoanzia. Mzee akasema hao wamepumzika. Nikamwambia lakini babu wamechimba fosfeti, yale madini ya mbolea, miaka mpaka katikati ya kisiwa kumebaki miamba tupu iliyochongoka, wanakaa ukingoni tu. Akasema basi kila mtu ana lake.

Visiwa vya Marshall nitapita haraka kwa sababu nikikaa hapo nitaumia, Marekani ililipua mabomu 67 ya nyuklia huko kati ya mwaka 1946 na 1958, watu wa Bikini wakatolewa kisiwani kwao wakaambiwa ni kwa muda.

Ya mwisho Tuvalu. Visiwa 9, jina lenyewe maana yake wanane waliosimama pamoja kwa sababu zamani vilivyokaliwa ni vinane. Watu kama 11,000. Tovuti yoyote ambayo jina lake linamalizia na .tv, herufi zile ni zao, na wanalipwa kwazo, pesa hiyo ni sehemu kubwa ya mapato ya nchi. Uwanja wa ndege ni mmoja tu, uko Funafuti, na jioni wakati hakuna ndege watoto wanacheza mpira juu yake mpaka king'ora kilie. Visiwa vingine vyote unafika kwa meli, vya mbali ni zaidi ya siku nzima majini. Ukiwa Nanumea, kimoja cha vile vya mbali, na cheti chako kimekosewa herufi moja, hesabu mwenyewe.

Na ardhi yenyewe ni nyembamba, pale Funafuti mahali papana ni kama mita 400, ukisimama katikati unaona bahari huku na wangwa huku. Mwaka 2021 waziri wao Simon Kofe alihutubia mkutano wa tabianchi akiwa amesimama ndani ya maji, suti juu, maji magotini, pahali ambapo zamani palikua nchi kavu. Jirani zao Kiribati mwaka 2014 walinunua ardhi Fiji. Nchi inanunua shamba nchi ya jirani ili iwe na pa kwenda. Huku kwetu bamvua kubwa ikija maji yanapanda mpaka kwenye njia ya mbele, punda wanatembea majini, mimi huinua kompyuta ya chini naiweka juu ya kiti, alafu maji yanapwa tunafagia tunaendelea. Nilipomuonyesha mzee picha ya yule waziri hakusema kitu, aliiangalia muda mrefu akaweka kidole pale kwenye doa la Funafuti kwenye ramani yetu, na kidole chake kikalifunika lote.

Kuna kitu kimoja nilitaka kukisahau. Kijana alinisomea hesabu za Kisamoa, tano ni lima, tatu ni tolu, na nazi ni niu. Sasa Madagaska hapa jirani, nazi wanaita voanio, tatu ni telo. Ni ukoo mmoja wa lugha, watu wa ukoo huo walitoka pande za Asia, wengine wakashika mashariki mpaka Samoa na Tonga, wengine wakavuka bahari yetu hii mpaka Madagaska, na wataalamu wanasema ngalawa yetu, ile yenye mbao za pembeni za kuizuia isipinduke, mtindo wake umetoka kwao. Mzee alilikataa hilo, akasema ngalawa ni ya kwetu. Sikubishana nae.

Mzee alilala kwa jamaa zake Mkomani. Asubuhi nikafunga duka nikaenda nae ile ofisi, tukangoja, herufi ikarekebishwa, ikamchukua yule mhudumu dakika chache tu. Boti ilitoka saa saba na nusu na mzee akawahi, bahasha yake ndani ya nailoni, mafundo mawili.

Ramani nimeibandika ukutani juu ya printa, ule mstari wa gundi unapita katikati ya Pasifiki na umeshaanza kuwa manjano. Kijana amepata 13 kwa 14, Palikir aliiandika Palkiri. Wiki ijayo wanaingia Karibi na ameshaniuliza Basseterre inasomwaje.